Doa la Jumanne

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwalimu Vitalia Kapinga ni kwamba hutazama chini. Nilipofika Mkumbi mwezi wa Januari na barua yangu ya kupangiwa kazi, nilielezwa kwamba jirani na nyumba nitakayopanga anaishi mwalimu mstaafu anayejua habari za sayari. Mimi nimesomea Jiografia chuo kikuu, nikahitimu bila kuiona darubini isipokuwa katika picha, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kukutana na mtu ambaye macho yake yamezoea mbali. Nilimkuta mama mfupi wa miaka sitini na mmoja, amevaa sweta la mtumba juu ya kitenge, ameinama kwenye njia ya shamba la kahawa chini ya mgrevilea, kama mtu aliyeangusha sindano.

Nilimwamkia na kumuuliza kama amepoteza kitu.

"Marahaba, mwanangu. Sijapoteza. Ninatazama majua."

Chini ya mti kulikuwa na madoa ya mwanga yaliyotapakaa juu ya majani makavu. Aliniambia niangalie umbo lake. Yote yalikuwa duara. Kisha akaniambia nitazame matawi, nitafute nafasi moja tu kati ya majani iliyo duara. Nilitafuta, sikuiona. Akanieleza kwamba kila doa ni picha ya Jua lenyewe, iliyopenya kwenye tundu dogo ikatua ardhini, na kwamba watu huzikanyaga picha hizo kila siku wakienda kuchuma. Mimi nilisoma kanuni hiyo nikiwa mwaka wa pili na nikaifanyia mtihani. Sikujua kwamba ipo njiani.

"Usiniamini," alisema. "Kakague mwenyewe."

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba ni maneno hayo yaliyomharibia kazi.

Mwalimu Vitalia alizaliwa Ukata, kwa wazazi waliolima kahawa na mahindi, akasomea ualimu, akaletwa Mkumbi akiwa msichana. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha kama walimu wengine wanavyofundisha, kwa chaki na fimbo. Kilichombadilisha ni foleni. Msimu wa kahawa wa mwaka 1988 alikuwa amesimama ndani ya ghala la ushirika akisubiri magunia yake yapimwe. Lile ghala lina urefu wa hatua arobaini na halina dirisha hata moja. Misumari ya bati ilikuwa imeng'oka hapa na pale, na kila tundu lilitupa doa la mwanga sakafuni. Aliyatazama matundu yenyewe. Yalikuwa yamechanika, mengine yana pembe. Madoa yake yalikuwa duara tupu. Alimuuliza karani wa mizani sababu yake.

"Mwalimu," karani alimjibu bila kuinua kichwa, "sisi hapa tunapima kahawa. Mwanga hatupimi."

Foleni nzima ilicheka. Yeye aliondoka na swali lake, akalipeleka kwa Bruda mmoja mzee wa misheni, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza pampu za maji. Bruda, anasema, alifurahi kama mtu aliyeletewa barua kutoka kwao. Alimweleza, kisha akachana ukurasa kutoka kwenye kalenda yake ya elimu ya anga, wenye orodha ya mambo yatakayotokea angani kwa miaka ishirini ijayo, akampa. Mwalimu Vitalia aliinakili orodha hiyo kwa rangi ya mafuta kwenye mlango wa ndani wa kabati la darasa la sita, akazizungushia mstari tarehe mbili. Ya kwanza ilikuwa 21 Juni 2001, Jua litakapopatwa na watu wa Mkumbi wataona zaidi ya nusu yake ikifunikwa. Ya pili ilikuwa 8 Juni 2004. Siku hiyo sayari ya Zuhura itapita mbele ya uso wa Jua kama doa jeusi, jambo ambalo halijaonekana na mtu yeyote tangu mwaka 1882.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya maduka kujaa na makabati ya shule kuwa matupu. Vitabu viliacha kuja. Tufe la dunia lilipasuka, halikuletwa jingine. Yeye alifundishia vilivyokuwepo. Saa kumi na moja jioni, Jua likiwa limeinama, aliwapandisha wanafunzi kilimani na kuwaonyesha mlima wa ng'ambo uliochimbwa ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo ya kuzuia udongo usisombwe na mvua. Kivuli kikiwa kimejaa nusu ya kila shimo, mlima mzima ulionekana kama uso uliotobolewa. Aliwaambia ndivyo Mwezi ulivyo ukiutazama kwa karibu.

Mtoto mmoja aliuliza nani alilima huko.

"Mawe," alimjibu. "Yalianguka kutoka juu. Hayakuomba hata jembe."

Kanuni yake ilikuwa moja. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari lililoandikwa juu yake neno Mkaguzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika humo jambo lolote alilosema Mwalimu mpaka alikague kwa macho au mikono yake. Aliyethibitisha kwamba Mwalimu amekosea alipewa heshima ya kugonga kengele ya mapumziko. Wale wote waliopita mikononi mwake wananiambia kwamba hakuna aliyeigonga mara nyingi kuliko Scholastica, binti wa Mama Margareta, aliyekuwa darasa la sita mwaka 2001. Alikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu. Aliwahi kumwambia Mwalimu mbele ya darasa kwamba kivuli cha mlingoti wa bendera hakikuwa kifupi kabisa saa sita kamili, kama alivyofundishwa. Walikwenda wote kukipima. Scholastica aligonga kengele.

Kuna neno moja lazima nilieleze hapa, kwa sababu lilikuja kuwa kubwa. Katika Kiswahili chetu elimu ya nyota na sayari huitwa unajimu, na kupiga bao kwa nyota kunaitwa unajimu pia. Wenye kamusi wanajua tofauti. Kijijini neno ni hilo hilo. Kulikuwa na mama aliyemwendea Mwalimu Vitalia amtazamie aliyemwibia mbuzi. Mwingine alitaka kujua kama binti yake ataolewa na yule wa Mbinga mjini. Mwalimu aliwacheka, akawaambia nyota zake yeye haziwajui watu. Hakuona hatari. Alidhani mtu akichekwa kwa upole ameelewa.

Sasa nifike siku yenyewe, Alhamisi ile ya mwezi wa Juni mwaka 2001. Ushirika ulikuwa umekufa zamani, wanunuzi binafsi wakinunulia kahawa barabarani, na ghala lilikuwa tupu chini ya serikali ya kijiji. Mwalimu aliomba ufunguo. Aliwaandikia wazazi barua, mtoto yeyote asitazame Jua, wote watakuwa ndani ya ghala na watatazama sakafu. Lakini redio zilikuwa zimetaja miwani maalumu, na Placidi Hyera alikuwa amesikia redio. Placidi alikuwa na kibanda cha kaseti na betri hapo senta, naye pia alipita mikononi mwa Mwalimu Vitalia zamani. Alikwenda Songea, akaokota mikanda ya picha iliyotupwa na studio, akaikata vipande, akaibandika kwenye maboksi. Aliziita miwani ya kupatwa. Ziliuzwa kama maandazi.

Saa tisa alasiri, ndani ya ghala, madoa duara ya sakafuni yalianza kuliwa upande mmoja. Watoto walipiga kelele. Baada ya saa moja hapakuwa na duara hata moja. Kulikuwa na miezi michanga, mamia kwa mamia, sakafuni, ukutani, kwenye mashati yao, na mmoja ulikuwa umetua kwenye sweta la Mwalimu kifuani. Amenisimulia jambo hilo mara tatu, na kila mara huweka kidole mahali ulipotua.

Scholastica aliona, akachora. Kisha akatoka nje kukagua.

Hakuwa mtundu wala mkaidi. Aliambiwa kwamba ile ya sakafuni ni picha ya Jua, na kwa kanuni aliyofundishwa hakuwa na ruhusa ya kuiandika mpaka alinganishe na Jua lenyewe. Mlangoni Placidi alikuwa anauza. Mtoto alivaa miwani, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuhesabu, alihesabu hadi mia mbili huku akitazama, ili awe na hakika. Haikumuuma hata kidogo. Mwalimu alikuwa ndani, anatazama sakafu.

Kesho yake, kwa macho ya Scholastica, ubaoni kila neno lilikuwa na tundu katikati. Hospitali walisema kipande cha nyuma cha macho yote mawili kimeungua na hakitapona. Anaona pembeni. Kile anachokilenga ndicho asichokiona.

Afisa mmoja alikuja kwa gari kuchunguza. Aliketi ofisini kwa mwalimu mkuu kwa saa mbili, akaandika, akaondoka bila kuingia ghalani. Taarifa yake ilisomwa mbele ya kamati ya shule na wazazi, na ilikuwa na sentensi hii, ambayo Mwalimu Vitalia anaikumbuka kwa ghibu: "Mwalimu amebainika kujihusisha na unajimu pamoja na wanafunzi katika jengo lisilo la shule." Inawezekana yule afisa alikusudia elimu. Mimi ninapenda kuamini hivyo. Lakini mama wa mbuzi alisimama, akasema yeye mwenyewe aliwahi kwenda kutazamiwa. Mzazi mwingine alisema Mwalimu aliwafundisha watoto kwamba Nyota ya Asubuhi, yaani Zuhura, si nyota, ni dunia yenye joto la tanuri na mawingu ya tindikali, ilhali katika Litania jina hilo ni la Mama wa Mungu. Mwalimu aliomba aeleze maana ya neno. Mwenyekiti wa kamati alimwambia kwa upole kabisa kwamba neno limekwisha andikwa.

Placidi alikuwa katika mkutano huo, kwenye benchi la wazazi. Hakuulizwa kitu. Soda za wageni zilitoka kwenye kibanda chake.

Mwalimu alihamishiwa Chiwanda, chini kabisa ziwani karibu na mpaka wa Msumbiji, afundishe darasa la kwanza kuumba herufi. Sayansi hakupewa tena. Kabati lenye tarehe zake lilipakwa rangi upya. Uvumi ulimtangulia ziwani, na mvuvi mmoja, Nazari, alikuwa akimtania kila akipita ufukoni.

"Mwalimu, tunasikia unazijua nyota. Tuambie basi, usipa wataonekana lini?"

"Wameshaonekana," alimjibu siku moja. "Umewakalia."

Gunia la usipa, wale dagaa wa ziwani, lilikuwa kweli chini ya matako ya Nazari, na watu walicheka naye akacheka, na utani wao uliendelea. Lakini anasema katika miaka ile miwili na nusu neno sayari halikutoka kinywani mwake darasani. Mtoto akiuliza kitu cha angani, alimwambia amuulize baba yake.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka jana, akarudi Mkumbi, kwenye nyumba yake na miti yake ya kahawa. Mwezi uliofuata nami nikafika. Siku ile ya mgrevilea aliniuliza kama ninajua tarehe nane Juni kutatokea nini. Sikujua. Nilikuwa na shahada yenye muhuri na sikujua. Aliingia ndani, akaleta ukurasa wa Bruda, umekuwa laini kama kitambaa.

Alichokitaka alinieleza wazi tangu mwanzo, na sijawahi kumsikia akikiongeza wala kukipunguza. Alitaka siku moja tu, watoto waone jambo la angani, na jioni warudi nyumbani na macho yao. Na alitaka Scholastica awemo ndani.

Njia yake aliifikiria kwa miaka mitatu. Unachukua kioo kidogo cha kunyolea, unakifunika kwa karatasi nene yenye tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, unakiweka nje juani, kinatupa mwanga ndani ya chumba chenye giza. Hakuna anayetazama Jua. Kadiri ukuta unavyokuwa mbali ndivyo picha inavyokuwa kubwa. Nilipendekeza darasa langu. Alipiga hesabu kwa kijiti ardhini. Katika chumba cha hatua kumi Zuhura ingekuwa ndogo kuliko punje ya ulezi, na ukungu wa tundu ungeimeza. Katika chumba cha hatua arobaini Jua lingekuwa kama sahani ya bati, na Zuhura kama punje ya kahawa. Mtu anayeona kwa pembeni tu anahitaji punje ya kahawa. Kwa hiyo lilikuwa ghala au basi.

Na ghala limekodishwa na kijiji kwa Placidi Hyera tangu mwaka juzi. Sasa ananunua kahawa, ana pikapu, na kila mtu anajua kwamba mwezi wa Novemba atagombea uenyekiti wa kijiji.

Tulikwenda kwake katikati ya Mei. Alisimama alipomwona Mwalimu, akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, akafuta kiti kwa kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea heshima ile, na nilianza kumwonea haya kwa mambo niliyokuwa nimeyafikiri juu yake.

"Ghala nakupa, Mwalimu," alisema. "Siku nzima, na sitaki kitu. Ila watu wana maneno. Wanasema mimi ndiye niliyemharibu mtoto wa Mama Margareta. Wewe ukisema ukweli, watanyamaza."

"Ukweli upi, Placidi?"

"Kwamba ulimfundisha asiamini mpaka akague. Si ndiyo alitoka? Hata sisi ulitufundisha hivyo hivyo."

Mwalimu alimuuliza: "Na wewe miwani ile uliikagua?"

"Mimi niliuza, Mwalimu," alijibu bila ukali wowote. "Anayekagua ni mnunuzi."

Njiani nilisema mengi. Nilisema tukatae, twende wilayani, tuandike gazetini. Mwalimu aliniacha niseme mpaka tukafika kwenye miti yake. Kisha aliniuliza kama wilayani kuna chumba cha hatua arobaini.

Jumapili ya Pentekoste, baada ya Misa, matangazo yalipokwisha, alipanda ngazi ya chini ya kanisa. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka vigangoni. Aliongea kwa sauti ile ya darasani, ya kufika benchi la nyuma.

"Mimi Vitalia Kapinga nilimfundisha Scholastica asiamini jambo mpaka alikague. Alitoka nje kukagua. Mimi nilikuwa natazama sakafu, sikumwona. Kosa ni langu."

Miwani hakuitaja. Placidi, katika shati jeupe, aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza salamu za rambirambi. Nyuma yangu mtu alisema, kumbe basi ule unajimu ulikuwa wa kweli. Mama Margareta aligeuka, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kabla ya wengine. Scholastica alikuwa amegeuza uso upande, kama anavyolazimika kufanya akitaka kumwona mtu, na kundi la wasichana wa rika lake lilimwigiza akipita. Wanamwita Kuku, kwa sababu kuku naye hutazama punje kwa jicho la upande. Ana miaka kumi na mitano. Shule aliacha. Huchuma kahawa, na wanasema hachanganyi mbichi na mbivu, ila huchelewa.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza Mwalimu, kwa hasira ambayo sasa inanitia haya, kwa nini amesema uongo mbele ya kanisa.

"Hakuna uongo niliosema," alijibu akivua viatu vyake vya Jumapili. "Nimesema nusu. Nusu hiyo ni yangu."

Ufunguo uliletwa Jumamosi, juzi. Placidi ametimiza ahadi. Magunia ya kwanza ya msimu ameyasogeza upande mmoja na kuyafunika. Pia amebandika bango mlangoni: Karibuni Kuona Maajabu ya Jua, kwa Hisani ya P. Hyera. Mwalimu alilisoma, akasema herufi zimepangwa vizuri, mwandishi wake atakuwa alipita darasa zuri.

Leo asubuhi tumejaribu. Mimi nilikuwa nje na kioo juu ya kigoda, nimekiegemeza kwa bonge la udongo. Yeye alikuwa ndani, mwisho wa ghala, kwenye shuka jeupe lililopigiliwa ukutani. Wanafunzi wangu kumi walikaa sakafuni, migongo yao mlangoni, na mlango wenyewe tumeuziba kwa magunia tukaacha upenyo mdogo wa kupitisha mwanga. Nilisogeza kioo kwa unywele mmoja mmoja mpaka nikasikia sauti za watoto. Nilichungulia. Jua lilikuwa limekaa kwenye shuka, kubwa kama sahani, jeupe, pembeni mwake linatetemeka, na lilikuwa likitambaa taratibu, kwa sababu Dunia haisimami.

Kiasi cha saa nne, magunia ya mlangoni yalifunuliwa. Aliingia Scholastica, peke yake, nami nikaacha kioo nikamfuata ndani. Mtoto mmoja alinong'ona jina lile la kuku, nami nikamtazama akanyamaza. Scholastica alimwamkia Mwalimu. Mwalimu aliitikia, na sauti yake haikufika benchi la nyuma.

Msichana alitembea hadi mbele ya shuka. Alisimama kwa ubavu, uso ameuelekeza kwenye magunia ya Placidi, akakaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu.

"Doa litapita wapi?"

Mwalimu alichukua kijiti, akamwonyesha: litaingia ukingoni hapa, litakata hivi, litatokea kule. Ukubwa wake punje ya kahawa.

"Mimi doa ninalo," Scholastica alisema. "Kila ninachokitazama lipo katikati. Hilo lako litaondoka?"

"Litaingia saa mbili na robo. Saa nane na nusu litakuwa limeondoka."

"Una hakika?"

Nilisubiri yale maneno yake, usiniamini, kakague mwenyewe. Kwa miezi mitano sijawahi kumsikia Mwalimu Vitalia akiulizwa swali hilo bila kuyatoa. Alikishika kijiti kwa mikono miwili, akatazama sakafu, na hakuyasema. Jua lilikuwa limekwisha kutambaa hadi ukingo wa shuka, likaanza kupanda ukutani, na sikuwa nje kulirudisha.

"Basi nitakuja kukagua," Scholastica alisema, akatoka.

Ninaandika haya Jumatatu alasiri, tarehe saba Juni. Mwalimu amekwisha kata karatasi nyingine tatu za akiba, kila moja na tundu lake, na ameniagiza niamke mapema nikaweke watu wawili wazima mlangoni ili asitoke mtoto hata mmoja. Yeye, amesema, kesho atasimama mlangoni nao, atazame watoto. Baridi imeanza kuingia, na mwezi huu ukungu hushuka mabondeni alfajiri, siku nyingine hauinuki mpaka saa nne. Juu ya mlima wa ngolo kuna wingu moja jembamba. Tangu saa tisa tumetoka kulitazama mara tano. Kesho, saa mbili na robo.